Simba Cecil, hasira ya dunia, na jirani wa simba

Mwezi wa Januari 2024 bunge la Ubelgiji lilipiga kura ya kukataza nyara za wanyama walio hatarini zisiingie tena katika nchi hiyo. Ufaransa iliacha kutoa ruhusa kwa nyara za simba tangu mwaka 2015. Uingereza nayo ilijaribu: wabunge walikubali sheria ya namna hiyo Machi 2023, lakini ikakwama katika Baraza la Malodi. Kila mara mjadala huu unapofunguliwa Ulaya, jina moja hurudi: Cecil, simba wa Zimbabwe.

Uwindaji wa nyara ni biashara halali katika nchi kadhaa za Afrika. Mgeni analipa pesa nyingi ili aue mnyama mkubwa, kisha anabeba kichwa, ngozi au pembe na kuviweka nyumbani kwake kama ukumbusho. Wengine wanasema ni dhambi na aibu. Wengine wanasema ni njia ya kulinda wanyama. Wapendwa, makusanyiko yetu mengi yako kandokando ya Virunga na Kahuzi-Biega, na tunajua maana ya kuishi karibu na wanyama ambao dunia nzima inawapenda. Kwa hiyo mjadala huu hautupiti pembeni.

Mambo yalivyokuwa

Mwanzoni mwa Julai 2015, daktari wa meno kutoka Marekani alimuua Cecil karibu na hifadhi ya taifa ya Hwange, magharibi mwa Zimbabwe. Alikuwa amelipa karibu dola 50,000. Chambo cha nyama kiliwekwa nje ya mpaka wa hifadhi, simba akakifuata. Alipigwa mshale usiku, akabaki na jeraha kwa masaa mengi, ndipo akamalizwa. Shingoni alikuwa na mkanda wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliokuwa wakifuatilia mwendo wake kwa miaka kadhaa.

Habari ilipotoka, hasira ikawaka kama moto wa kiangazi. Watu waliandamana mbele ya kliniki ya yule daktari, na ikafungwa kwa majuma kadhaa. Makampuni makubwa ya ndege ya Marekani yalitangaza kwamba hayatabeba tena nyara za simba. Watafiti wa Oxford walipokea michango ya zaidi ya dola milioni moja. Waziri wa mazingira wa Zimbabwe aliomba mwindaji apelekwe Zimbabwe ahukumiwe. Lakini mwezi wa Oktoba serikali hiyo hiyo ikasema karatasi zake zilikuwa sawa, hana mashtaka. Kiongozi wake wa uwindaji alishtakiwa, na mwaka 2016 mahakama kuu ikayafuta mashtaka hayo. Julai 2017 Xanda, mtoto wa Cecil, naye aliuawa na mwindaji nje ya hifadhi ile ile.

Kuna habari nyingine ya Hwange ambayo wachache wanaikumbuka. Agosti 2015, majuma machache baada ya Cecil, simba alimuua kiongozi wa watalii aliyekuwa kazini katika hifadhi hiyo. Kwa ajili yake hakuna kampuni ya ndege iliyobadilisha sheria.

Wazimbabwe walisema nini

Wakati huo Goodwell Nzou, Mzimbabwe aliyekuwa akisoma Marekani, aliandika katika gazeti la New York Times akieleza kwamba kijijini kwao simba hakuwa rafiki wa mtu. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa, simba mmoja alizunguka vijiji, akala kuku, mbuzi, mpaka ng'ombe. Watoto waliambiwa waende shule kwa makundi na wasicheze nje. Simba huyo alipouawa, watu waliimba na kucheza.

Mtu wa Minnesota aliyemjua Cecil kwa picha, na mama wa kijiji aliyesikia ngurumo nyuma ya zizi lake, hawazungumzi juu ya mnyama mmoja. Ndiyo sababu wengi wa Afrika walikasirikia ile hasira yenyewe: mnalilia simba, na sisi je?

Kilio hicho kina haki. Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumefunga mlango mapema.

Hoja ya wawindaji na udhaifu wake

Tuwasikilize kwanza wanaotetea uwindaji. Wanasema simba asiye na faida kwa mwanakijiji atauawa kwa sumu au kwa mtego, na pori lake litalimwa. Pesa za mgeni zinafanya pori libaki pori. Hoja hii si ya kudharau. Shirika la IUCN lilikadiria kwamba simba katika maeneo yaliyochunguzwa walipungua kwa karibu asilimia 43 kati ya mwaka 1993 na 2014. Sababu kubwa zilizotajwa ni wafugaji kujilinda, kupotea kwa pori, na kuisha kwa wanyama ambao simba wanakula. Kenya ilikataza uwindaji tangu mwaka 1977, na bado wanyama wake wengi wamepungua sana. Botswana ilikataza mwaka 2014, ikaruhusu tena mwaka 2019 kwa sababu wakulima walichoka na tembo. Ujerumani ilipofikiria kuzuia nyara mwaka 2024, rais wa Botswana wakati huo, Mokgweetsi Masisi, alijibu kwamba yuko tayari kuwatumia Wajerumani tembo 20,000 waishi nao.

Lakini pesa hizo zinafika kwa nani? Zimbabwe ilianzisha mpango wa CAMPFIRE mwishoni mwa miaka ya 1980 ili mapato ya wanyama yarudi vijijini. Mahali pengine yalijenga shule na zahanati. Mahali pengi yalipitia mikononi mwa halmashauri, na mkulima aliyepoteza mahindi yake akabaki na mikono mitupu. Namibia, kwa sheria ya mwaka 1996, iliwapa wenyeji haki ya kusimamia wanyama wenyewe, na huko matunda yameonekana zaidi. Wanyama wanapona pale ambapo jirani yao ana sauti, na ana faida anayoweza kuishika mkononi. Bunduki ya mgeni peke yake haileti hayo.

Na hata pale pesa zinapofika, swali la moyo linabaki. Biblia inamjua mwindaji: Isaka alipenda nyama ya porini ambayo Esau alimletea. Kuua ili nyumba ile, au ili kumlinda mtoto, kunaeleweka. Kuua ili kichwa kipambe ukuta ni jambo jingine, maana uhai ambao Mungu aliuumba unageuzwa kuwa sifa ya mtu. Tena kuna ubaguzi ndani yake. Mzee maskini akitega swala kwa ajili ya watoto wake anaitwa jangili na kupelekwa gerezani. Tajiri anapewa karatasi, kiongozi na picha ya ukumbusho.

Daudi na mwana-kondoo

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anamwendea mfalme Daudi na habari ya mnyama. Tajiri mwenye mifugo mingi alimchukua mwana-kondoo mmoja wa maskini akampikia mgeni wake. Daudi akawaka hasira. Akasema mtu huyo anastahili kufa, na amlipe maskini mara nne.

Nathani hakumwambia mfalme, "Unalilia kondoo na watu wanakufa!" Hakuidharau hasira ile. Ilikuwa hasira ya haki, ila ilikuwa imesimama mahali pasipo na gharama kwa Daudi. Nabii akaishika mkono, akaitembeza mpaka kwa Uria, mtu aliyeuawa, na mpaka kwa mfalme mwenyewe.

Hivyo ndivyo tunapaswa kufanya na hasira ya watu juu ya Cecil. Moyo unaouma kwa ajili ya simba aliyeteseka usiku mzima haujafa. Ila uambiwe uendelee na safari. Anayepiga kelele akiwa mbali, kisha anakataza nyara, amefanya nusu ya kazi. Kesho yake asubuhi kuna pori lisilo na mapato, na kuna mkulima ambaye simba bado anapita kwake. Nani atamlipa? Sheria ya Musa, katika Kutoka sura ya 21, inasema kwamba mwenye ng'ombe anayejulikana kupiga watu kwa pembe, naye akaonywa asimfunge, anachukua hatia ya damu. Ikiwa dunia inasema simba, tembo na gorila ni mali ya wanadamu wote, basi wanadamu wote wamekuwa wenye ng'ombe.

Kwetu

Sisi tumeyaona haya. Julai 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa Virunga, na picha ya dume mkubwa Senkwekwe, akibebwa na wanakijiji juu ya miti, ilizunguka dunia. Wawindaji wa nyara hawakuwamo. Biashara ya makala ndiyo iliyotajwa. Mwaka huo huo mamia ya maelfu ya watu wa Kivu ya Kaskazini walikuwa wakikimbia vita, na picha zao hazikwenda mbali hivyo. Tarehe 24 Aprili 2020 walinzi 12 wa mbuga waliuawa karibu na Rumangabo pamoja na dereva na raia. Wajane wao wanakaa katika makusanyiko yetu.

Lakini tuseme na lile lingine. Katika miaka iliyofuata mwaka 2007, kazi haikuishia kwenye kilio juu ya picha. Mitambo ya umeme wa maji ilijengwa Mutwanga na Matebe, ili watu wapate kazi na nguvu isiyotoka kwenye miti ya mbuga. Gorila wa milimani waliongezeka wakapita 1,000, na mwaka 2018 IUCN ikapunguza kidogo daraja lao la hatari. Kazi haijaisha: nyumba nyingi za Goma bado zinapika kwa makala, na mkulima ambaye tembo wamemaliza shamba lake bado anauliza aende kwa nani.

Basi wachungaji na viongozi wa makusanyiko wanaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, andikeni hasara: shamba la nani, tarehe gani, mazao gani, na pelekeni orodha hiyo kwa mkuu wa eneo na kwa ICCN, maana hasara isiyoandikwa ni rahisi kukanwa. Pili, ombeni hadharani mjulishwe mapato ya mbuga yanayotengwa kwa wenyeji yanatumika wapi, na muwe na mtu wenu katika mazungumzo hayo. Tatu, msiwaache wajane wa walinzi wala mayatima wa raia waliokufa. Wote ni wetu. Na washirika wetu wa Ulaya na Marekani wanapotuandikia kwa uchungu juu ya wanyama, tusiwajibu kwa dhihaka. Tuwashukuru, kisha tuwatumie ile orodha.