Tusafishe Kabla ya Kuhamisha: Ilani ya Waandishi wa Programu

Sisi tunaoandika programu za wavuti Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Arusha na Kampala, wakongwe wa kazi hii pamoja na walioianza juzi kwa msaada wa akili mnemba, tumekubaliana jambo moja: mradi ulioandikwa na mashine hautapanda hewani kwa mkono wetu kabla hatujausoma na kuusafisha. Anayepandisha ndiye mwenye dhamana. Mashine haiitwi mahakamani, wala haikai mbele ya mteja aliyepoteza pesa zake.

Hatukuja kuzipiga vita zana hizi. Lovable, Bolt, v0 na Replit zimemwezesha mweka hazina wa chama, asiyejua hata mstari mmoja wa JavaScript, kupata daftari la michango linalofunguka kwenye simu. Hilo ni jema, na anayelibeza hajaona wanachama wakigombana kwa sababu daftari la karatasi limepotea. Lakini Andrej Karpathy, mtafiti wa akili mnemba, alipoupa mtindo huu wa kuiachia mashine iandike jina la vibe coding, Februari 2025, alikuwa akizungumzia miradi ya wikendi, ya kutumia na kutupa. Sisi tumeuchukua mtindo ule ule tukaupeleka kwenye michango ya watu, kadi za kliniki na karo za shule.

Hatari kubwa iko kwenye kuhama. Mradi ukiwa bado kwenye jukwaa ulikozaliwa, jukwaa ndilo linalotunza funguo za siri, linaloendesha hifadhidata, linalotoa anwani na cheti cha HTTPS. Siku mwenyewe anapotaka kuuhamishia kwenye seva ya bei nafuu, anapakua folda, na siri zile haziji na folda. Programu inagoma. Mteja anapiga simu. Mhamishaji, kwa kutaka mambo yaende, anabandika ufunguo ndani ya faili lenyewe, programu inawaka, na jioni folda nzima inapelekwa GitHub. Kuufuta ufunguo kesho yake hakusaidii, kwa sababu Git inatunza historia, na anayeutafuta ataukuta kwenye toleo la jana. Kwa hiyo ufunguo uliokwisha kuonekana sisi tunauhesabu umekufa. Unabatilishwa kule ulikotolewa, unatolewa mwingine, ndipo tuzungumzie kusafisha historia.

Tazama malipo ya M-Pesa nchini Kenya, maana hapo ndipo pesa ya mtu inapopita. Mashine ikiombwa kuunganisha Daraja, lango la Safaricom la malipo hayo, huleta msimbo unaopendeza: mteja anabonyeza, simu inamwomba PIN, Safaricom inarudisha jibu kwenye anwani ya programu, oda inaandikwa kuwa imelipwa. Kwenye majaribio, kwa ile namba 174379 inayotumiwa na kila anayejifunza, kila kitu kinakwenda sawa. Sasa usome kipande kinachopokea jibu. Mara nyingi kinaangalia kitu kimoja tu: je, ResultCode ni sifuri? Hakilinganishi CheckoutRequestID na ile tuliyoihifadhi wakati wa kutuma ombi, hakilinganishi kiasi, hakiiulizi Safaricom kama muamala huo upo. Na anwani yenyewe iko wazi kwenye intaneti. Yeyote atakayeijua anaweza kuipelekea jibu la uongo lenye sifuri, akapewa bidhaa ambayo hajailipia. Kasoro hii haionekani kwenye skrini hata ukibonyeza mchana kutwa. Inaonekana kwa kusoma tu, na ndiyo maana tumeweka kusoma mbele ya kila kitu.

Hifadhidata nayo inahitaji jicho hilo hilo. Kwenye Supabase, huduma ya hifadhidata inayotumiwa na mingi ya miradi hii, kuna ufunguo wa umma ambao umekusudiwa kuonekana kwenye kivinjari. Kinga yenyewe ni kanuni za kila jedwali zinazoamua nani aone taarifa za nani. Kanuni zikiwa hazijawashwa, jedwali linasomeka na kila aliyefungua ukurasa. Mwaka 2025 miradi kadhaa iliyotengenezwa kwa Lovable ilikutwa hivyo, na udhaifu huo ukasajiliwa kama CVE-2025-48757. Ule ufunguo mwingine, service_role, unaruka kanuni zote. Ukiukuta umepewa jina linaloanza na VITE_, alama inayoruhusu thamani ipelekwe kwenye kivinjari, hesabu kwamba umekwisha kumfikia kila mgeni wa tovuti, ukaubatilishe.

Mengine ni kazi ya mchana mmoja: anwani za localhost zilizosahaulika, console.log inayochapa namba za simu za wateja, pakiti zilizoitwa na hazitumiki, na zile ambazo mashine imezibuni majina, ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kwenda kuyasajili akangoja. Tunaondoa pia uzito. Mtu wetu anaingia kwa bando la siku, na kila maktaba isiyo na kazi analipia yeye.

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 taarifa zinapovuja na kuwaweka watu hatarini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sisi lakini hatusafishi kwa kuogopa faini. Mama aliyeandika namba yake ya kitambulisho kwenye fomu ya kliniki alituamini bila kutujua, na imani hiyo hatukuinunua.

Tunadai usafi uandikwe kwenye ankara kama kazi, wenye saa zake na malipo yake. Mteja anayeambiwa kwamba programu imekamilika kwa siku mbili aelezwe pia kwamba haijasomwa na mtu, na asikilize bei ya kusomwa. Akikataa, tutamwachia mradi wake. Tunajua wapo watakaouchukua kwa nusu ya bei wakaupandisha ulivyo, na tutapoteza kazi. Tumelipima hilo, na bado tunasimama hapa.

Tunawataka walimu wa vyuo na kambi za mafunzo wawape wanafunzi msimbo wa mashine na kuwauliza una kasoro gani, kabla ya kuwauliza wametengeneza nini.

Anayetaka kuungana nasi hajazi fomu wala halipi ada. Achague mradi wake mmoja ulio hewani sasa hivi, aipekue historia yake ya Git kutafuta funguo, abatilishe atakazozikuta, kisha amwambie mteja wake alichokikuta.