Utunzaji uanzie ofisini
Mwaka 1998, machifu wa Batangi na Bamate walikubali kutenga msitu wao uwe hifadhi ya gorila ya Tayna, na mwaka 2006 serikali ya Kinshasa ikaitambua rasmi. Kasugho ikapata hata chuo kikuu cha uhifadhi, jambo la nadra kwa mji mdogo wa eneo la Lubero. Lakini mkulima aliyekatazwa kufyeka ana haki ya kuuliza: ofisi iliyomkataza yenyewe inajiendeshaje? Jenereta ikinguruma mchana kutwa kwa ajili ya kompyuta moja, na chai ya wakubwa ikichemka juu ya makaa ya msitu uleule, amri inakosa uzito. Njia za kubadili hali hiyo zipo. Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, inapata umeme wa maji tangu 2013. Pasipofika nyaya, sola juu ya paa yatosha kwa taa na simu. Vita vimetunyima mengi, ila havizuii ofisi kubandika mlangoni hesabu ya mafuta iliyochoma na mbao ilizonunua. Wakubwa wetu wa Kasugho, Butembo na Beni, anzeni na bajeti ijayo, raia watafuata.