Mafunzo ya Kazi Maskati: Wazee Waacheni Vijana



Kila ikizuka habari ya ajira hapa Maskati, wazee wetu wana wimbo mmoja: vijana wa leo wavivu, hawataki mafunzo, wanataka kiti na kiyoyozi. Hebu tusemezane kweli.

Wazee hao wengi walikuja kutoka Zanzibar baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango waliotawanywa na mapinduzi ya 1964. Waliikuta nchi ina mafuta lakini ina skuli tatu tu. Aliyejua Kiingereza na kupiga taipu alipewa kazi kwanza, kozi akapelekwa baadaye, na mshahara unaingia. Nani asingeyasifu mafunzo ya namna hiyo?

Kwa kijana wa leo mambo ni kinyume. Tangu 1988 anaambiwa nafasi zinazoshikwa na wageni zitakuwa zake. Vyeti anavyo, kazi hana. Mwaka 2011 vijana walipoandamana Sohar, serikali iliahidi nafasi 50,000 na posho ya riali 150 kwa mwezi kwa wanaotafuta kazi. Mei 2021, Sohar ile ile, wakaingia tena barabarani kwa dai lile lile. Sasa mwambie huyo akafanye kozi ya nne! Akikucheka si uvivu, ni hesabu.

Na wanawake? Skuli zile tatu za 1970 zilikuwa za wavulana tu, ndiyo maana mama zetu waliosoma Zanzibar walikuwa lulu maofisini. Binti zao, kwa ninavyoona mimi, wanayathamini mafunzo kuliko kaka zao, kwani cheti ndiyo hoja yao mbele ya baba na mbele ya meneja. Lakini wana masuali ambayo mwanamme haulizi: kozi inamalizika saa ngapi, nani atabaki na mtoto, nikizaa nafasi yangu ipo? Sheria ya kazi ya 2023 imewapa siku 98 za uzazi. Vyema. Ila wapo mabosi watakaozikimbia siku hizo kwa kutowaajiri kabisa, na hilo hutolisikia likisemwa mkutanoni.

Mimi nasema: kampuni inayotaka kumfunza mtu imsainishe mkataba wa kazi siku ya kwanza ya mafunzo, na mshahara uandikwe humo humo. Kama haitaki, wazee wangu, isuteni hiyo kampuni. Anayebisha aje na hoja, si matusi.

Wabillahi tawfiq.