Nani Katunga?

Zikishatulia pepo za kaskazi, Mji Mkongwe huvikwa makaratasi. Kutoka Darajani hadi Forodhani, kuta za chokaa hubandikwa matangazo ya maonyesho yajayo: leo taarab, kesho kidumbaki, keshokutwa vijana wa magitaa wanaojitungia na kujisimamia wenyewe, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, "mashairi". Februari ndiyo kilele, kwa kuwa ndio mwezi wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo Ngome Kongwe imekuwa uwanja wake mkuu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tamasha hilo limeshikilia kwamba muziki upigwe papo kwa papo mbele ya watu, wala si kwa kanda inayocheza nyuma huku msanii akichezesha midomo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimewafunza vijana kushika udi na ganuni wakati ambapo wengi walidhani vyombo hivyo vingezikwa pamoja na wazee. Hayo ni ya kushukuriwa, nami ni katika wanaoshukuru. Lakini shukrani haimzuii mtu kusema penye kasoro.

Chukua tangazo lolote katika hayo, msomaji, ulisome mpaka mwisho. Utaliona jina la mwimbaji, majina ya wapigaji, saa, mahali na kiingilio. Utaelezwa fidla ngapi zitapigwa. Umtafute sasa mtu aliyetunga maneno yatakayoimbwa. Hayupo. Mahali palipostahili jina lake pameandikwa neno moja tu: "asili". Wimbo wa asili, ngoma ya asili, ushairi wa asili. Kama kwamba maneno yale yaliota yenyewe kama magugu baada ya masika, bila ya mtu kukesha nayo wala kuhesabu mizani yake kwa vidole.

Nitasimulia niliyoyaona. Usiku mmoja, katika onyesho ambalo sitalitaja jina, nilikaa ubavuni mwa mzee mmoja wa Ng'ambo. Kila mwimbaji alipokaribia kuanza ubeti, mzee alikuwa ameshautamka kwa sauti ya chini, na palipokosewa neno alitikisa kichwa kama mwalimu wa chuoni. Watu wakawa wanainuka kwenda kutuza; noti zikamwagwa mikononi mwa mwimbaji. Nikamuuliza: "Mzee wangu, wimbo huu unaupenda sana?" Akanijibu: "Mwanangu, nimeutunga mimi." Nikalifunua karatasi la ratiba. Limeandikwa: wimbo wa asili. Mwenye wimbo alikuwa hai, amekata tiketi kwa fedha yake, amekuja kusikiliza kwamba yeye hayupo.

Wahenga wamesema mcheza kwao hutuzwa. Basi huyu alicheza wapi?

Wapo watakaosema kwamba ndiyo desturi yetu: Waswahili hawakujali nani katunga, wimbo ni wa watu wote. Si kweli hata kidogo. Mshairi wa kale alikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni mwa utenzi, jina lake na nasaba yake, na mara nyingi tarehe ya kumaliza kazi. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, hakuwaachia wajukuu kazi ya kubahatisha nani kasema. Kujitaja hakukuwa majivuno. Kulikuwa dhamana: haya nimeyasema mimi, mkiona kosa nisahihisheni mimi, mkiona jema niombeeni mimi.

Mtazame pia Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu, zikiimbwa na kunukuliwa barazani. Laiti Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingezikusanya na kuziandika pamoja na jina la mwenyewe, akishirikiana na W. E. Taylor, leo mashairi yale nayo tungeyaita "ya asili ya Mvita". Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya kufa kwake. Kilichomtenganisha Muyaka na washairi wengine wengi wa zama zake tuliowasahau si ufundi peke yake. Ni kwamba palitokea mtu aliyeuliza "Nani katunga?" na akaliandika jibu.

Huku kwetu, Siti binti Saad alitoka Fumba akiuza vyungu, hakujua kusoma wala kuandika, na mwaka 1928 akaenda Bombay pamoja na wenzake kutia sauti zao katika santuri. Bahati njema Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Bi Kidude akazichukua nyimbo zile akaziimba mpaka alipofariki mwaka 2013, na dunia ikamjua. Lakini mara ngapi umeambiwa, ukiwa umeketi katika ukumbi, ni nani katika kundi lile la Siti aliyetunga ubeti gani? Tunaijua sauti, mkono uliofuma maneno hatukuujali. Seuze wale waliotunga kwa ajili ya vikundi vya mitaani, ambao hakuna santuri wala wasifu uliowafikia!

Haji Gora Haji wa Tumbatu alikuwa mvuvi na baharia, na alitunga nyimbo za taarab na ngoma kabla diwani yake ya Kimbunga haijachapishwa mwaka 1994. Alifariki mwaka 2021. Kwa kuwa kitabu kipo, jina lipo. Ila washairi wangapi wa Tumbatu, Makunduchi na Mtambwe hawakupata kitabu? Hao wote wamo katika neno "asili", wamelala humo kama maiti katika kaburi lisilo na alama.

Na neno hilo halidhulumu heshima peke yake, linadhulumu riziki. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, na ina chombo chake, COSOZA, cha kusimamia haki za watunzi. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye karatasi imeshamkana. Mali bila daftari huisha bila habari. Ukishaandika "asili", umetangaza kwamba shamba halina mwenyewe. Na shamba lisilo na mwenyewe halikai miaka mingi kabla hajatokea wa kulizungushia ua. Atakuja mpangaji wa muziki, ataongeza kinanda na besi, ataandika jina lake juu ya kazi, na aliyetunga atakuwa hana pa kushitakia.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza, kwamba zipo nyimbo ambazo kwa hakika hazina mtunzi mmoja. Nakubali. Katika kibati cha Pemba maneno hurushwa papo hapo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na kuna nyimbo za unyago ambazo hakuna anayejua zimeanzia kwa bibi gani. Hizo ziitwe za asili, na neno litakuwa mahali pake. Ila kuna tofauti kubwa baina ya "hajulikani" na "hatukumuuliza mtu". Aghalabu tuliloliandika ni la kwanza, na ukweli ni la pili.

Pingamizi ya pili ni kwamba wageni waliojaa ukumbini hawakifahamu Kiswahili, basi jina la mshairi litawafaa nini? Naam, hapa ndipo penye donda. Tumezoea kuwauzia wageni sauti bila ya maana, mithili ya mtu anayeuza tende kwa kokwa akila mwenyewe nyama. Lakini tazama: hata nyama hatuli. Wenyeji nao wameanza kusikiliza kama wageni, wanacheza, wanapiga makofi, wanakwenda zao, na ukiwauliza wimbo umesema nini wanakwambia, "Mzuri."

Kwa vijana wa magitaa nina sifa na lawama. Sifa, kwa kuwa wanaimba maneno yao wenyewe na hawaoni haya kuyatia sahihi. Lawama, kwa kuwa baadhi yao hukata ubeti wa mzee, wakaubandika katikati ya wimbo wao, na kumtaja kwa lile lile neno. Kijana anayedai jina lake liandikwe hana hoja ya kulifuta la babu yake.

Basi haya ndiyo ninayoyadai kwa msimu unaokuja, na hayana gharama ya kumshinda mtu. Kila ratiba iandike jina la mtunzi ubavuni mwa jina la mwimbaji. Asipojulikana, iandikwe wimbo umetoka kijiji gani na umepokewa kwa nani, ili mwenye habari aje kusahihisha. Mshairi apewe robo saa katika jukwaa kubwa, usiku, watu wakiwapo, aghani kwa mahadhi yake. Asitupwe alasiri katika pembe ya ua pamoja na viti vitupu. Shairi la Kiswahili halikutungwa liangaliwe karatasini, limetungwa lisikiwe. Na zinapomwagwa tuzo, mwimbaji muungwana amwite mtunzi jukwaani, wagawane.

Sisi watazamaji tuna wajibu mmoja. Kabla ya kuondoka ukumbini, tuulize kwa sauti ya kusikika: "Nani katunga?" Wakishindwa kujibu leo, kesho watakwenda kumtafuta. Yule mzee wa Ng'ambo hataishi misimu mingi, na wenzake kadhalika. Tukimkuta hai, tutaliandika jina lake katika ratiba. Tukichelewa, watoto wake nao watakata tiketi, na wataimbiwa maneno ya baba yao kwa jina la asili.