Mashine ya gemu ni mtaji, ipozwe kabla haijafa

KATIKA vituo vingi vya biashara vijijini mkoani Kagera, banda la gemu limekuwa jambo la kawaida kama kinyozi na kibanda cha kuchaji simu. Kwa kituo kama Kimuli, wilayani Kyerwa, vifaa vyake havizidi televisheni ya mtumba, PlayStation 2 au 3 iliyotumika, pedi mbili na benchi la mbao. Vijana hulipa kwa mechi. Msimu wa kahawa unapofunguliwa na fedha kuanza kuzunguka, benchi hujaa kuanzia jioni, kahawa ikishaanuliwa, hadi usiku.

Wapo wazee wasioipenda biashara hii. Wanasema inafundisha uvivu, na kwa upande wa wanafunzi wanaotoroka vipindi hoja yao ina uzito. Mwenye banda anayempokea mtoto mwenye sare ya shule saa nne asubuhi anastahili kufungiwa. Hata hivyo, liko suala jingine ambalo halizungumzwi kabisa, nalo ni la kiuchumi. Mabanda haya hufa kwa joto. Yanapokufa huzika mtaji ambao kijana ameupata kwa kuuza magunia ya kahawa au mbuzi wa nyumbani, na pengine kwa mkopo ambao bado anaulipa.

Jambo hili halikuanzia kwenye mashine za mtumba wala kwa mafundi wa vijijini. Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Xbox 360 mwaka 2005, na muda si mrefu wateja wakaanza kuona taa nyekundu tatu zikiwaka mbele ya mashine iliyokwisha kufa. Julai 2007 kampuni hiyo ililazimika kurefusha dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu, na ikatenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili hiyo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2021, wahusika wenyewe walieleza chanzo: maungio madogo ya lehemu ndani ya kifaa kinachochora picha yalikuwa yakikatika kwa sababu ya kupanuka yanapopata joto na kusinyaa yanapopoa, mara kwa mara, kila mashine ilipowashwa na kuzimwa.

Maelezo hayo yana maana kubwa kwa mtu wa Kimuli kuliko kwa mtu wa Tokyo. Wengi hudhani mashine huuawa na kuchezwa saa nyingi mfululizo. Kumbe kuwasha na kuzima nako kunaua, na umeme unapokatika mara tatu kwa jioni moja, mashine huwa imepanda na kushuka joto mara tatu bila mwenyewe kupenda. Mwenye banda anayesema "leo haikufanya kazi sana, umeme ulisumbua" hajui kwamba siku hiyo huenda imechakaa kuliko siku ya shughuli nyingi.

Wengine hujifariji kwamba Kyerwa kuna baridi. Ni kweli kwamba nyanda hizi, nyingi zikiwa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hazina joto la Dar es Salaam. Lakini chumba kidogo chenye bati lisilo na dari, mlango mmoja na vijana kumi na tano ndani kina hali yake ya hewa. Isitoshe, hewa ya mwinuko ni nyepesi, hivyo kila pumzi ya feni hubeba joto pungufu kidogo kuliko pwani. Adui mkubwa zaidi ni vumbi jekundu la barabara, ambalo kiangazi huingia kila mahali. Huganda kwenye mapezi ya alumini yaliyo juu ya kifaa kinachopata moto, likachanganyika na moshi na unyevu, na baada ya miezi michache feni huzunguka kwa kelele bila hewa kupita.

Hapo ndipo fundi redio anapoingia, na hapo ndipo fedha hupotea au huokolewa. Ziko njia za kuirekebisha mashine zinazosaidia na ziko zinazoiua haraka. Kuianika kwa kukivua kifuniko ni kosa la kwanza. Ganda lile la plastiki ndilo linaloielekeza hewa ipite kwenye mapezi. Likivuliwa, feni huvuta hewa ya pembeni na kifaa chenyewe hubaki na moto wake. Tena PlayStation 3 ina sehemu ya umeme mkubwa ndani yake, na mtoto akigusa hapo hakuna fundi atakayemsaidia. Kutoboa matundu ovyo nako hukaribisha vumbi. Kitambaa kibichi juu ya mashine ni wazimu mtupu.

Mtindo mwingine ni wa kuipuliza bodi kwa hewa ya moto ili lehemu irudi mahali pake. Mashine hufufuka, mteja hufurahi, fundi hulipwa. Mara nyingi baada ya wiki chache taa hurudi palepale, kwa kuwa kilichosababisha ugonjwa hakijaguswa. Fundi anayefanya hivyo bila kumweleza mteja kwamba ni ahueni ya muda anauza matumaini.

Njia inayofaa haina makuu. Mashine hufunguliwa ikiwa imechomolewa, vumbi husafishwa kwa brashi laini, pesti ya kupitisha joto iliyokauka kati ya kifaa na alumini hufutwa na kupakwa mpya, nyembamba. Mashine huinuliwa kwa vigingi vidogo ili ipumue kwa chini, na huondolewa ndani ya kabati lenye kufuli linalopendwa na wenye mabanda wanaoogopa wezi. Kama kabati ni lazima, basi mlango wake uwe wa wavu. Feni ya kompyuta ya volti 12 hufungwa nyuma, upande ambao hewa ya moto hutokea, ikielekezwa kuvuta kwenda nje. Ikifungwa kinyume inashindana na feni ya ndani na hali huwa mbaya kuliko awali. Umeme wa feni hiyo utoke kwenye chaja yake yenyewe, kwa sababu kuupachua kutoka ndani ya mashine ni kuongeza mzigo kwenye sehemu ambayo tayari imechoka.

Mkulima wa Kimuli hapaswi kushangazwa na kazi hii. Yeye hutandaza nyasi shambani ili jua lisiichome ardhi ya migomba na mibuni, na hahesabu nyasi hizo kuwa hasara. Lakini mtu huyohuyo akinunua mashine, huitumia hadi ife.

Mfano wa hesabu, wa makadirio tu, unaonyesha kinachopotea. Mashine iliyotumika inanunuliwa kwa shilingi 200,000 na kuingiza shilingi 4,000 kwa siku baada ya kulipia umeme wa LUKU na pango. Siku ya 50 bei yake imerudi, na mwenyewe huanza kuona kila shilingi ni faida. Ikifa siku ya 100 itakuwa imeingiza 400,000, na ukitoa bei yake inabaki 200,000, yaani shilingi 2,000 kwa siku na si 4,000 alizokuwa akizitumia. Sasa fundi alipwe 20,000 kwa usafi, pesti na feni, na mashine ifike siku 200. Mapato ni 800,000, gharama 220,000, faida 580,000. Hiyo ni shilingi 2,900 kwa siku. Hata kama marekebisho yangeongeza siku 10 tu badala ya 100, zingeingia shilingi 40,000 dhidi ya 20,000 alizopewa fundi.

Kagera ina neno linaloielewa hesabu hii vizuri. Butura ni kuuza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, ili kutatua shida ya leo. Serikali na vyama vya ushirika wamepigana nayo miaka nenda rudi. Mwenye banda anayekula 4,000 zote kila jioni anafanya butura ya aina yake, kwa kuwa katika fedha ile mna shilingi 2,000 za mashine itakayofuata. Tofauti ni kwamba katika butura ya kahawa mnunuzi anajulikana na anaweza kushitakiwa.

Upande wa mikopo nako kuna la kusema. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha vijana kikiandika mradi unaotegemea mashine, iwe ya gemu, ya kukoboa kahawa au ya kutotolea vifaranga, bei ya kununua huonekana wazi kwenye andiko. Matengenezo na umri wa mashine ndivyo rahisi kusahauliwa. Mkopo wa marejesho ya miezi 12 kwa mashine inayokufa mwezi wa nne ni deni la miezi minane lisilo na kazi ya kulilipa, na wanakikundi huishia kuuza kahawa ya wazazi wao.

Afisa maendeleo ya jamii halazimiki kuijua PlayStation. Inatosha aulize mambo matatu kabla ya kupitisha andiko: chombo kinatazamiwa kudumu muda gani, nani atakifungua na kukisafisha kila baada ya miezi mitatu, na fedha ya kazi hiyo imeandikwa mstari wa ngapi. Kikundi kisicho na majibu kirudishiwe karatasi zake kikamtafute fundi kwanza.