Bunduki ya risasi moja: ufundi wa mkono, alama ya chuma na mzigo unaokwama Rusizi

RUSIZI — Lori linalotoka Huye kwenda Kamembe hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, kuanzia Kitabi hadi Gisakura, kisha huteremka hadi daraja la mto Rusizi ambapo ng'ambo yake ni Bukavu. Kwa dereva hiyo ni njia ya kona na ukungu. Kwa ofisa wa forodha ni njia inayounganisha msitu ambao uwindaji umepigwa marufuku na jimbo la Kivu ya Kusini, ambalo makundi yake yenye silaha yamo chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2003.

Wengi wakisikia silaha na Kivu hufikiria bunduki za kivita. Hata hivyo, ipo silaha nyingine ambayo mfanyabiashara wa kawaida au utingo anaweza kuombwa aibebe bila kushtuka sana, nayo ni bunduki ya kuwindia inayopiga risasi moja tu. Mwenye nayo huiita chombo cha shamba. Imetengenezwa kwa mkono, haina magazini, na kila baada ya mlio mwindaji hulazimika kufungua na kutia risasi nyingine. Kwa macho ya wengi hiyo ni kazi ya fundi kama jembe au kiti, na hapo ndipo wasafirishaji hujikuta wameingia matatani.

Ufundi wenyewe ni wa kweli na unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio unaofafanua ni kwa nini sheria iko hivyo ilivyo.

Bunduki nzuri ya risasi moja ina sehemu chache kuliko bunduki yoyote ya kisasa. Ipo ile ambayo mtutu wake huinama kama unavunja muwa, ndiyo inayotumika zaidi kwa marisau, na mfano wake unaojulikana hadi vijijini ni Baikal ya kutoka Izhevsk, Urusi. Ipo nyingine ambayo nyuma ya mtutu kuna pande la chuma linaloshuka wima mkono wa chini unapovutwa, risasi ikaingizwa, kisha pande likapanda na kuziba. Mfumo huo wa pande linaloshuka ulipewa hati ya ubunifu mwaka 1872 kwa jina la John Farquharson wa Uskochi, na karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1967, kampuni ya Ruger ya Marekani ilitoa bunduki yake ya No. 1 kwa kufuata wazo hilo hilo. Mafundi wanaotengeneza bunduki kwa oda ya mteja mmoja mmoja bado wanaupenda, kwa kuwa bila magazini wala boliti ndefu bunduki inakuwa fupi huku mtutu ukibaki mrefu.

Kazi ngumu iko pale mtutu unapokutana na hilo pande. Nafasi kati ya kitako cha ganda la risasi na uso wa pande hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Fundi ana vipimo viwili vya chuma: kimoja lazima pande lifunge juu yake, cha pili lazima pande likatae kufunga. Nafasi ikizidi, ganda hutanuka na kupasuka, na gesi ya moto humrudia mpigaji usoni. Ikipungua, bunduki haifungi. Hakuna randa wala tupa inayosahihisha kosa hilo likishapita, labda chuma kirudi kwenye mashine ya kukereza na kuanza upya.

Kitako nacho si mbao ya kupigilia. Mti unaopendwa ni wa jozi uliokaushwa kwa miaka, na ncha ya mbele mara nyingi huwekwa mpingo au mti mwingine mweusi. Fundi hupaka chuma masizi ya taa, hukikandamiza kwenye mbao, hukitoa, na kila palipoachwa doa jeusi hupachonga kidogo kwa patasi. Hurudia hivyo mara nyingi mno, hadi masizi yaenee sawasawa pote. Pasipogusana vizuri, nguvu ya mlio hupasua kitako. Kazi hii peke yake hula wiki, na ndiyo sababu mteja wa Ulaya au Marekani husubiri miezi mingi na kulipa bei inayoweza kununua gari.

Rangi ya chuma pia hupatikana kwa subira. Ule weusi wenye ubuluu si rangi ya kopo bali ni kutu. Chuma huachwa kishike kutu nyembamba kwa makusudi, kikachemshwa kwenye maji, kikasuguliwa, na kurudiwa tena. Pande na mwili wa bunduki hufungiwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na mkaa wa mifupa na ngozi, likawekwa motoni, ili uso uwe mgumu huku ndani chuma kikibaki na unyumbufu.

Lakini baada ya hayo yote, katika nchi zenye desturi ya kazi hii, bunduki bado haijaruhusiwa kuuzwa. Hupelekwa kwanza kwenye nyumba ya majaribio. Liège huko Ubelgiji imekuwa na kanuni za majaribio tangu mwaka 1672, na nyumba ya Birmingham, Uingereza, ilianzishwa mwaka 1813. Hapo bunduki hupigwa kwa risasi iliyozidishiwa nguvu kwa takriban robo kuliko kiwango cha juu cha kawaida. Ikistahimili hugongwa muhuri kwenye chuma chenyewe. Muhuri huo hauelezi kama bunduki ni nzuri au mbaya. Unaeleza kwamba kuna mamlaka iliyoijaribu, na kwamba silaha hii inaweza kufuatiliwa.

Hapo ndipo bunduki ya Liège inapoachana na gobore la kijijini. Mhunzi wa vijijini, iwe Kongo au Tanzania, anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko fundi mwenye mashine. Anachokosa ni chuma kinachojulikana asili yake, vipimo vile viwili, na mtu wa kuijaribu kabla haijafika begani mwa mnunuzi. Bomba lililotengenezwa kwa ajili ya maji lina mshono na halikukusudiwa kubeba mlipuko. Wanaopoteza vidole na macho kwa bunduki hizo ni wakulima na wawindaji wenyewe, wala si wale wanaoogopwa barabarani.

Ikumbukwe kuwa gobore halikudumu Afrika kwa bahati mbaya. Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890 ulizuia kuingiza silaha za kisasa katika eneo kubwa la bara hili, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za jiwe la cheche zisizo na mifereo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine wakubwa walijiwekea kilicho bora na kuwauzia wengine kilichopitwa na wakati. Wakazi wa kingo za Kivu walilipia tofauti hiyo mapema. Mwaka 1896 huko Shangi, katika iliyokuwa Cyangugu, jeshi la mwami wa Rwanda lilishindwa na kikosi kilichotoka Dola Huru ya Kongo. Bunduki ya kawaida ya Force Publique wakati huo ilikuwa Albini, nayo ni ya risasi moja. Bunduki moja moja iliyo na ganda la shaba na kifungio imara ilitosha kuvunja safu za mikuki.

Turudi kwenye mizigo. Katika utaratibu wa kimataifa wa ushuru, silaha ziko sura ya 93. Gobore linalojazwa kwa mdomo wa mtutu liko 9303.10, bunduki za marisau 9303.20, na raifoli za kuwindia 9303.30. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka bidhaa za sura hiyo kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti, yaani haziingii bila kibali kilichotolewa kabla. Mzigo wa namna hiyo ukikamatwa bila kibali, gari lililoubeba nalo linaweza kutaifishwa. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wanaoutumia akina mama wa Kamembe kuvusha nyanya na samaki, hauhusiki hapa hata kama thamani ya bunduki ni ndogo.

Wengi huanguka kwenye vipande. Kanuni ya pili ya kutafsiri ushuru inasema kitu kisichokamilika, kama tayari kina sura muhimu ya kitu kamili, huhesabiwa kuwa kitu kamili. Na kilichofunguliwa vipande huhesabiwa kana kwamba kimeungwa. Kwa hiyo bunduki iliyogawanywa, mtutu kwenye gunia hili na kitako kwenye gunia lile, bado ni bunduki. Kipande kimoja kikiwa peke yake kinaingia 9305, nacho kimo ndani ya sura ile ile ya 93. Risasi ni 9306. Darubini ya kulengea ikisafiri peke yake haimo katika sura hii, ila ikiwa imefungwa juu ya bunduki au imekuja pamoja nayo, huifuata. Hata Albini ya zama za Shangi, ambayo kwa umri wake inaweza kuhesabiwa kuwa kitu cha kale katika sura ya 97, haisameheki mbele ya sheria ya silaha.

Jambo la pili ni alama. Itifaki ya Nairobi ilitiwa saini Aprili 21, 2004 na kuanza kutumika Mei 2006, na Rwanda pamoja na Kongo ni miongoni mwa nchi zake. Inataka silaha igongwe alama inapotengenezwa na tena inapoingizwa nchini, na kituo cha kanda cha RECSA kilichoko Nairobi kimesambaza mashine za kugongea alama hizo kwa nchi wanachama. Tanzania nayo imetangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na magobore hayakosi katika kinachorudishwa. Gobore lisilo na namba wala jina la mtengenezaji haliwezi kuombewa kibali, kwa sababu hakuna cha kuandika kwenye fomu. Ufundi wake uwe mzuri au mbaya, mbele ya dirisha la forodha ni chuma kisicho na jina.

Hali imekuwa nzito zaidi tangu Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23. Azimio namba 1493 la Baraza la Usalama, la Julai 2003, lilitaja Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri kwa majina, likizitaka nchi zote kuzuia silaha kufikia makundi yaliyoko huko, moja kwa moja au kwa kuzungukia. Vikwazo hivyo vimebadilishwa sura mara kadhaa na vikahuishwa tena mwaka 2025. Kibali cha silaha hutolewa na serikali, hakitolewi na anayeushika mji. Kwa hiyo barua ya kutoka Bukavu inayodai kuwa mzigo ni wa mwindaji wa kawaida haimlindi dereva upande wa Rusizi, na neno "kuzungukia" linamgusa hata yule anayedai kwamba yeye alikuwa anapita tu.

Ndani ya Nyungwe kwenyewe majangili wengi hutumia mitego ya waya, ambayo haina mlio. Lakini bunduki imeshafanya yake: tembo wa mwisho wa msitu huo aliuawa na majangili mwaka 1999. Askari wa hifadhi akikuta mtutu ndani ya kebini kati ya Kitabi na Gisakura, hana haja ya kuuliza unakwenda Bukavu au umetoka huko.

Mawakala wa forodha wa Kamembe wanaopokea shehena za vyuma na mbao wana sababu ya kufungua kabla ya kutangaza. Mbao ya mninga iliyopasuliwa tu ni bidhaa ya sura ya 44 na hulipiwa kama mbao. Ikishachongwa shingo, bega na kitanda cha mtutu, inahamia 9305, na karatasi iliyoandikwa "mbao" inakuwa tamko la uongo lenye sahihi ya wakala.