Mgonjwa wa kisukari asinyimwe ugali

Wapo wagonjwa wa kisukari hapa Arusha wanaoamini kwamba matibabu ni kuacha ugali, ndizi, wali na viazi vyote kwa pamoja. Watakula nini basi, katika nyumba za Arumeru ambako makande, loshoro na ndizi ndicho chakula chenyewe?

Wanga haukatazwi, unapimwa. Ugali wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko wa sembe, kwa hiyo sukari yake huingia kwenye damu taratibu zaidi. Kipande kisichozidi ngumi, mnafu au sukuma wiki ya kujaza nusu ya sahani, na maharage au samaki: huo ni mlo kamili, na vyote vinapatikana soko la Kilombero na Tengeru. Makande yawe na maharage mengi kuliko mahindi. Ndizi mbivu sana zipungue.

Soda ndiyo ya kuachwa. Chupa ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari, takribani vijiko tisa vya chai. Anayetumia insulini naye asiruke mlo kwa kuogopa chakula. Sukari ikishuka ghafla anaweza kuzimia.

Tunaiomba Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na vituo vya afya vya jiji vimwalike kliniki anayepika nyumbani, afundishwe kwa sahani na chakula halisi. Mgonjwa mara nyingi hali alichochagua, anakula kilichopikwa.